Sura ya Tano: Jogoo wa Elfu Themanini

Jogoo alikuwa mwekundu, mwenye mkia mrefu, na mzee wa kanisa alikuwa amemshika miguu akining'inia kichwa chini. Ibada ilikuwa imekwisha muda mfupi tu. Watu walisimama nusu duara chini ya mwarobaini, wengine bado wana Biblia na vitabu vya nyimbo kwapani, na upepo wa Singida, ambao hauheshimu hata Jumapili, ulikuwa unapeperusha mitandio ya akina mama wa kwaya. "Elfu kumi na tano, mara ya kwanza!" mzee alinadi. Mtu akasema ishirini. Mwingine akasema ishirini na tano, ambayo ndiyo ingekuwa bei ya haki sokoni. Kisha sauti nzito ikatoka nyuma: "Themanini."

Vigelegele vikapigwa. Kwaya ikaanzisha pambio bila kuambiwa. Mwenye sauti ile akasogea mbele, akahesabu noti, akazitia kwenye kapu, akampapasa jogoo shingoni kama anayemwomba radhi, halafu akasema maneno ambayo kila aliyezoea minada ya kanisani aliyangoja: "Namrudisha. Auzwe tena." Jogoo yule aliuzwa mara tatu siku ile, na nadhani alilala kwa mchungaji.

Nilikuwa mgeni, katika usharika mmoja wa Kilutheri wilayani Iramba ambao sitautaja, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanaweza kusemwa juu ya sharika nyingi, na mchungaji wake alinipa chai. Mnunuzi wa jogoo ni mfanyabiashara wa vitunguu. Pale kijijini wanamwita Tajiri tu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Lakini macho yangu siku ile hayakukaa sana kwa Tajiri. Yalikuwa kwa binti mmoja aliyeketi kwenye benchi kando ya ukuta, mtoto amelala mapajani. Miaka yake haikuzidi 20. Saa moja kabla ya mnada alikuwa amesimama mbele ya usharika wote, mikono ameifunga mbele, akijibu maswali kwa sauti ambayo sisi wa viti vya nyuma hatukuisikia. Alikuwa anarudi kundini.

Msomaji asiye Mlutheri anahitaji maelezo kidogo. Mwumini akianguka katika dhambi inayojulikana, yaani kuzaa nje ya ndoa, kuoa mke wa pili, kuishi na mtu bila ndoa kubarikiwa, ulevi uliokubuhu, au kuonekana kwa mganga, huzuiliwa kwenye Meza ya Bwana. Hafukuzwi kanisani. Anakuja, anaimba, anatoa sadaka, ila wenzake wanapopiga magoti mbele yeye anabaki kwenye benchi. Akitaka kurudi, anamwona mwinjilisti au mchungaji, anafundishwa, anaombewa, na siku ikifika anasimama mbele ya watu. Nimewahi kusikia wasomi wakiucheka utaratibu huu. Mimi siucheki. Nimeona wazee wa miaka 70 wakirudi kundini na kulia kama watoto, wakatoka nje wakiwa wepesi kuliko walivyoingia.

Nilimuuliza mwinjilisti: baba wa mtoto yuko wapi? Akatazama upande wa vijana waliokuwa wanapanga viti. "Kijana amekana," akasema. "Na kanisa haliwezi kumrudisha mtu ambaye hajakiri kuwa alitoka."

Sentensi ile niliiandika kwenye daftari nikiwa njiani kurudi Singida mjini, na sura hii yote imetoka humo.

*

Wamisionari wa Augustana, Walutheri wa Marekani wenye asili ya Uswidi, waliingia Iramba katika miaka ya 1920, wakaendeleza kazi iliyokuwa imeanzishwa na misioni ya Leipzig kutoka Ujerumani. Ruruma, Kinampanda, Kiomboi: majina haya kwa mzee wa Kiniramba ni shule, ualimu na hospitali kabla hayajawa kitu kingine. Kanisa walilolilea likawa moja ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Walikuwa watu wa bidii, na walikuwa watu wa daftari. Ubatizo uliandikwa, kipaimara kiliandikwa, ndoa iliandikwa, na kutengwa nako kuliandikwa.

Tatizo la daftari ni kwamba linapenda vitu vinavyoonekana. Mimba inaonekana. Mke wa pili anaonekana, tena ana nyumba yake na mji wake. Mlevi anaonekana, na kama haonekani anasikika. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa chini akaamua kwamba dhambi hizi ni kubwa kuliko nyingine. Zilikuwa rahisi kuziandika, basi. Lakini kitu kikiandikwa kwa vizazi vitatu, watoto hukua wakiamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo.

*

Wahubiri wetu wana kasoro moja: wanapoieleza dhambi, wanaitia shubiri mapema mno. Tangu sentensi ya kwanza ni chungu, inanuka, inaua. Walioketi kwenye mabenchi, ambao wengi wameionja, wanajua kwamba mhubiri anaruka sehemu. Waraka kwa Waebrania hauruki. Unapomsimulia Musa aliyeliacha jumba la Farao, unakiri waziwazi kwamba dhambi ina raha. Ulichoongeza ni kwamba raha hiyo ni ya kitambo. Nyumbani kwetu ambako asali ya Manyoni na Itigi huuzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji, watu wanaelewa bila kufafanuliwa. Mchovya asali hachovyi mara moja. Hakuna aliyewahi kuacha asali kwa kuambiwa si tamu.

Ila utamu wenyewe si ule tunaoufikiria. Wengi wetu tukisikia neno anasa tunaona taa za baa, bia na miziki. Nimekaa na watu wengi walioanguka, na nimekaa na nafsi yangu pia, na sijaona wengi walioanguka kwa kutafuta anasa. Walikuwa wanatafuta nafuu. Binti alitaka mtu wa kumwambia kwamba anapendeza. Mume alitaka mtoto wa kiume baada ya mabinti watano na maneno ya ndugu. Mchimbaji alitaka mwamba ufunguke kabla mkopo haujaiva. Dhambi iliwajia kama msamaria.

Tuanze na mchimbaji. Iramba ni nchi ya dhahabu ya zamani. Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916, vita vilipowakata na Ulaya na fedha zikawaishia, walitumia dhahabu yake kupigia sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo ni mali ya wakusanyaji wa vitu vya kale, nadhani hakuna mchimbaji mdogo wa Sekenke aliyewahi kushika hata moja. Kuna mgodi mkubwa Mang'onyi wilayani Ikungi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2023, wenye mashine na maabara. Mchimbaji mdogo hana maabara. Ana sururu, kamba, tochi ya kichwani, na mwamba usiosema.

Mwamba usiposema, kuna wanaojitolea kuusemea. Machimboni neno ni ndagu: utajiri wa masharti, unaopatikana kwa mganga. (Mgeni asije akaichanganya na Ndago, kata ya Iramba, ambayo haina hatia.) Masharti yenyewe kila mtu ana yake ya kusimulia. Huyu aliambiwa asilale kitandani. Yule aliambiwa asioge kwa muda fulani. Mwingine, na hapa msimulizi hushusha sauti, aliambiwa achague mtu katika familia. Sitabishana hapa kama ndagu inafanya kazi. Ninachojua ni kwamba shimoni wanaingia watu wenye rozari, na watu waliobarikiwa kipaimara, na watu wa maombi ya usiku kucha, na kwamba baadhi yao wana kitu kimefungwa kiunoni ambacho mchungaji hakijui.

Nikitafakari jambo hili huwa naona kwamba mganga ana uaminifu mmoja ambao dhambi nyingine hazina: anakutajia bei. Sharti hili, muda huu, ukivunja yatakukuta haya. Unaondoka ukijua umejifunga nini. Kule sokoni, dhambi haitaji bei. Inakukopesha tu, na inakuita kaka.

*

Ukifika soko la vitunguu la Misuna, pale Singida mjini, wakati wa mavuno, utaona magunia yamesimama kama watu. Yana kiuno, yana kifua, yana kichwa. Kichwa ndicho lumbesa. Gunia limejaa hadi mdomoni, lakini badala ya kushonwa pale, linajengewa juu yake mnara wa vitunguu unaoshikiliwa na wavu na kamba, mpaka gunia lenyewe linakuwa nusu ya mzigo na nusu ya ubishi. Sheria ya Vipimo inakataza. Mfungasho wa mazao hautakiwi kuzidi kilo 100. Kila waziri anayepita anakemea lumbesa, wananchi wanapiga makofi, na asubuhi yake shazia zinaendelea kushona.

Hesabu yake haihitaji mtu aliyefika kidato cha nne. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130. Mkulima akiuza magunia kumi ametoa vitunguu vya magunia 13, akalipwa kumi. Yale matatu ndiyo palizi yake, ndiyo mbegu aliyokopa, ndiyo sare ya mtoto. Hayakuibwa usiku. Yalitoka mchana, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa makubaliano.

Nilimfuata Tajiri nyumbani kwake wiki ile ile ya jogoo. Si mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Ana sauti ya upole, anasomesha watoto wa marehemu kaka yake, na bati la nyumba ya mwinjilisti alilinunua yeye. Nilimuuliza kuhusu lumbesa bila kuzunguka. Alicheka.

"Mdogo wangu, ukija hapa na mzani, utaondoka na mzani wako."

Akanieleza, na maelezo yake yalikuwa na akili. Mwaka wa kwanza wa biashara alinunua kwa kilo. Alipofika Dar es Salaam, karibu kilomita 700, akakuta wanunuzi wa sokoni hawaulizi kilo, wanatazama gunia kwa macho. La kwake lilionekana kama mtoto katikati ya watu wazima. Akauza kwa hasara. Mwaka wa pili akaongeza vitunguu kidogo, "ili lisimame vizuri." Mwaka wa tatu hakukumbuka tena kwamba aliwahi kufanya vinginevyo. "Si mimi," akasema. "Soko ndivyo lilivyo."

Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste, nchi inayoitwa Algeria leo, mwaka 354, alilijua jibu hilo. Agostino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, aliandika katika Maungamo yake juu ya usiku mmoja wa ujana alipokuwa na miaka 16. Yeye na wenzake walitikisa mpeasi wa jirani, wakabeba matunda mengi, wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale. Mzee yule mwenye akili nyingi, mtu aliyeandika juu ya Utatu na juu ya kuanguka kwa Roma, anarudi na kurudi kwenye mapeasi kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu, na mojawapo ya mambo anayoyaona ni hili: peke yake asingefanya. Kundi ndilo lililoutia wizi ule utamu. Mwingine akisema twende, ni aibu kuona aibu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba dhambi inavutia kwa sababu imekatazwa. Huenda kwa vijana. Kwa watu wazima wa Singida, na sidhani kama wa Nairobi au wa Kampala ni tofauti, dhambi inavutia zaidi ikiwa haijakatazwa na mtu yeyote unayemheshimu. Inavutia ikiwa ni desturi ya kazi. Kuna mvuto mkubwa sana katika kufanya kile ambacho kila mtu anakifanya, kisha jioni ukaenda mazoezi ya kwaya.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza Tajiri jambo jingine, maana lilikuwa linanikera tangu Jumapili. Siku ile kulikuwa na Chakula cha Bwana. Nilimwona akitoka nje kabla, simu sikioni, na akarudi wakati wa matangazo. Alinyamaza kidogo. Akaniambia ana vidonda vya tumbo, divai inamsumbua.

"Tangu lini?"

"Miaka sita sasa."

Kikombe cha Chakula cha Bwana, msomaji, ni kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi.

Hakuna aliyemtenga Tajiri. Jina lake halimo katika daftari lolote la waliozuiwa. Wakati binti wa benchi alihesabu Jumapili akingoja aruhusiwe kupiga magoti, huyu mwenye ruhusa yote alikuwa anatafuta sababu ya kutoka nje. Hakunieleza zaidi ya hapo, nami sikumkaba. Lakini sikuhitaji kuuliza tena ile raha ilikuwa imemgharimu nini. Na kulikuwa na gharama nyingine ndogo ndogo alizozitaja mwenyewe bila kuzihesabu kama gharama: lori kusafiri usiku kukwepa watu wa vipimo, noti za kukunja kwa kila kizuizi, dereva anayejua mambo mengi mno na hivyo hafukuziki. Dhambi inataka kuchungwa kama ng'ombe. Ukiwa nayo huwezi kusafiri ukalala.

*

Katika Biblia kuna mhubiri mmoja aliyepewa kazi ya kumkemea mzinzi, akaenda na hadithi ya mifugo.

Daudi alikuwa amemtwaa Bathsheba, mke wa Uria. Mimba ikaingia. Akamwita Uria kutoka vitani alale nyumbani kwake, ili mimba ipate baba. Uria akakataa raha ambayo wenzake vitani hawakuwa nayo, akalala mlangoni pa mfalme. Basi Daudi akaandika barua kwa Yoabu, jemadari wake, kwamba Uria awekwe mahali ambapo vita ni vikali, kisha aachwe peke yake. Barua akampa Uria mwenyewe aipeleke. Kila nikisoma kitabu cha pili cha Samweli nasimama hapo. Mtu ametembea kutoka Yerusalemu hadi uwanja wa vita akiwa amebeba kifo chake, kimefungwa vizuri.

Nathani alipokuja mbele ya mfalme hakutaja kitanda. Alisimulia juu ya tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu aliyemnunua na kumlea pamoja na watoto wake, akila sahani moja nao. Tajiri akapata mgeni, akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamchukua wa yule maskini. Sisi tuliolala chumba kimoja na mbuzi msimu wa fisi tunaielewa hadithi hii kwa pua. Daudi akawaka hasira na akatoa hukumu papo hapo: alipe mara nne. Ndiyo sheria ya Kutoka, kondoo mmoja hulipwa kwa wanne, ng'ombe kwa watano. Hukumu ilikwisha toka kinywani ndipo alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye.

Nathani alikuwa na uzinzi mkononi, akauita wizi. Sisi tuna wizi mkononi, na hatuuiti kitu. Tungekuwa sisi, tungemwandika Bathsheba kwenye daftari, tungemngojea ajifungue, na tungemsimamisha mbele ya watu, huku Daudi akinadiwa jogoo.

Wala si Nathani peke yake. Amosi, mchungaji wa Tekoa aliyetunza pia mikuyu, aliwasikia wafanyabiashara wa siku zake wakiuliza Sabato itakwisha lini ili wafungue ghala, wapunguze kipimo cha efa na kuongeza uzito wa shekeli. Wale walikuwa wanauza nafaka, ndiyo sababu walikipunguza kipimo. Wetu ananunua, ndiyo sababu anakiongeza. Tofauti ni hiyo tu.

Sisemi kwamba mnada wa kanisani ni mbaya. Ulianza kwa heshima: mama asiye na shilingi analeta mayai matano, na mayai yale yanageuka bati, saruji, mshahara wa mwinjilisti. Lakini Kanisa letu linabeba jina la mtu ambaye tarehe 31 Oktoba 1517, kule Wittenberg, aligombana na biashara ya vyeti vya rehema, kwamba mtu asidhani fedha ikiingia kapuni deni lake la toba limefutika. Hoja yake ya kwanza kati ya 95 ilikuwa kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Nilipoona noti za Tajiri zikiingia kapuni na kwaya ikipasua pambio, niliwaza kwamba hatujahitaji Tetzel, muuza vyeti wa siku zile, wa kututembezea vyeti. Tunajiandikia wenyewe kwa vigelegele.

Palikuwa na wakati ambapo Wakristo wa Afrika Mashariki walijaribu njia nyingine. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha watu kuungama hadharani, na sehemu hiyo tunaikumbuka, hata tunaitania. Sehemu tunayoisahau ni kurudisha. Walokole walikwenda kwa waliowaibia wakiwa na kitu mkononi: jembe, fedha, mnyama. Waliwaaibisha jamaa zao, na baadhi yao walifilisika. Zakayo naye, aliposhuka mkuyuni, hakuomba aombewe. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu.

Mtu atasema, ni rahisi kumwandika Tajiri aliye mbali. Ni kweli. Nimekuwa nikizunguka kitu tangu mwanzo wa sura hii.

*

Mwaka niliokuwa najiandaa kwa kipaimara nilipata kibarua cha kupakia vitunguu. Nilikuwa na nguvu na sikuwa na viatu. Tulizunguka na lori mashambani, tukilipwa kwa gunia. Kazi yangu ilikuwa kushindilia na kushona kichwa. Kuna ufundi wake: unalitikisa gunia, unaliinua na kuliangusha, unapiga goti, unatikisa tena, na vitunguu vinakaa kama ndugu waliopatana. Ndipo unaanza kujenga. Fundi mzuri anaongeza debe zima na nusu ya debe, na mkulima akitazama anaona gunia moja. Nilikuwa fundi mzuri. Nilisifiwa.

Jumanne moja lori lilifika shambani kwetu. Mama alikuwa na magunia sita. Sikukataa kazi, wala halikunijia wazo la kukataa; wenzangu walikuwepo, dalali alikuwepo, na shazia ilikuwa mkononi mwangu. Mama ndiye aliyenishikia wavu nilipokuwa nashona, maana upepo ulikuwa mkali. Nilipolipwa nilinunua viatu vyeusi vya kamba, na iliyobaki nikamnunulia mama kitenge. Alikivaa siku ya kipaimara changu. Askofu aliponiwekea mikono kichwani nilikuwa nimevaa vitunguu vya mama yangu miguuni, na sikujua. Au nilijua kwa namna ambayo mtu hujua kitu anachotembea juu yake.

Mwaka jana, nikiwa nimeshaanza kuandika kitabu hiki, nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa amekaa uani anapepeta alizeti kwenye ungo. Nilikaa karibu naye, tukazungumza juu ya mvua na juu ya bei ya mashudu. Kisha nikamuuliza.

"Mama, yale magunia sita ya mwaka ule wa kipaimara. Ulijua kwamba yalikuwa yamezidi?"

Hakuuliza magunia gani.

"Nimelima mimi, nimevuna mimi, nisijue?"

"Mbona hukusema?"

Alirusha alizeti juu, upepo ukachukua makapi, zikarudi kwenye ungo.

"Ningemwambia nani? Mwenye shazia ulikuwa wewe."

Sikuwa na neno. Nilianza kusema kitu kuhusu kulipa, kuhusu magunia mangapi yangekuwa kwa hesabu ya leo, nikasikia sauti yangu inafanana na ya mtu anayenadi. Mama akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akatazama jua. Akaniambia mchana umeingia, niache maneno, nikakamate jogoo.